Nati za Springi na Neno Nililolificha

Siku yangu ya kwanza katika gereji ya malori pale Malaba, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinisimamisha nyuma ya lori lililojaa mzigo akaniuliza limeegemea upande gani. Nikasema liko sawa. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kijana, hayo macho ni ya nini? Hiyo imelala kushoto kama mlevi wa busaa. Springi imekatika."

Springi za lori, kwa nyinyi mliozoea magari madogo, ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Hufungwa kwenye ekseli inayobeba magurudumu kwa yubolti, chuma kilichopindwa chenye nati kila ncha. Nati hizo ukizikaza leo, gari likikimbia na mzigo vyuma hukaliana, nazo hulegea. Kwa hiyo kila lori tulilotengeneza lilitumwa hadi Chakol na kurudi, tukakaza tena. "Kazi ya springi ni mara mbili," Fundi Mkuu alituambia. "Ukifanya mara moja, hujafanya."

Alipohamishiwa Busia niliachiwa gereji, nami nikavimba kichwa. Foleni ya kuvuka Uganda ilikuwa ya siku kadhaa, na aliyetoka kwenye laini alirudi mkiani. Basi madereva walijitengenezea palepale barabarani. Desturi ilikuwa kwamba mtu wa foleni hanyimwi spana, lakini mimi iliniudhi kuona kazi yangu ikifanywa na watu wa usukani.

Asubuhi moja akaja dereva aitwaye Wandera. Springi yake ya mbele ilikuwa imekatika.

"Boss, nisaidie na spana. Nitajifungia mwenyewe."

"Lete gari gereji."

"Nikitoka kwa laini nimepoteza siku nne. Mama yangu ni mgonjwa sana huko Sigalame. Nataka nishushe hii chumvi Tororo, nirudi nimwone."

Nilimpa spana, nikasimama nikimwangalia. Alifanya kazi safi, sina budi kusema. Alipomaliza akajipangusa jasho akaniuliza, "Kuna kitu nimesahau?"

Nikamwambia hakuna.

Nilijua. Nilisema moyoni, nati zikilegea njiani atarudi mwenyewe kwa fundi, na heshima yangu itarudi naye. Hata sasa naona aibu kuliandika.

Kesho yake niliambiwa lori lake limeshavuka. Nati zikilegea ekseli ya mbele huhama, na ikihama usukani hauna kazi tena. Nikachukua spana, nikapanda boda boda ya baiskeli, na kijasho kikatutoka sote wawili mpaka ng'ambo. Kabla ya Tororo nikalikuta lori limeingiza pua mtaroni. Wandera alikuwa ameketi nyasini na damu kwenye paji la uso. Aliiona spana mkononi mwangu kabla hajaniona mimi.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua."

Ilichukua siku tano kulivuta lori na kulitengeneza, na wenye mali hawakumruhusu kuliacha. Mama yake alifariki siku ya tatu.

Nilikwenda Busia kumweleza Fundi Mkuu. Alisikiliza mpaka mwisho. "Ungemnyima spana ungekuwa mchoyo tu," akasema. "Sasa wewe ni nini?" Nilirudi kazini, na tangu siku ile kila aliyeazima spana kwangu nilimweleza yote, hata yale ambayo hakuuliza, mpaka wengine wakaniita mhubiri.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama wajitengenezee. Shoki, zile zinazozuia gari kurukaruka, badilisheni. Ni bolti chache. Springi zilizoviringishwa za magari madogo waachieni wenye vifaa, maana moja ikifyatuka inavunja taya. Springi za lori mnaweza, mkiwa na subira ya kusimama njiani na kulala tena chini ya gari. Na mkimuuliza fundi, mtazameni usoni anapojibu. Ujuzi ni mali, na mwenye mali huona uchungu kutoa.

Wandera aliendelea kupita Malaba miaka mingi. Springi ikikatika alijifungia mwenyewe, mbele ya lango la gereji yangu, bila kugeuka. Alikuwa amenunua spana yake.