Hotuba Niliyoikata

Tamthilia yenyewe ni ya zamani, na wengi wa rika langu tuliisoma kwa ajili ya mtihani. Mama mjane ana mwana wa pekee. Mwana anauza shamba la ukoo, na wazee wanamwita mama barazani wakimtaka amlaani. Katika onyesho la nne anasimama mbele yao, anazungumza kwa dakika nne bila kukatizwa, anakataa, kisha anakwenda zake. Watahini waliipenda sana hotuba hiyo, kwa hiyo sisi wanafunzi tuliihifadhi neno kwa neno.

Mwigizaji ninayemkumbuka alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kinoo. Kwa zaidi ya miaka ishirini, siku za Jumamosi, alimwigiza mama huyo mbele ya wanafunzi walioletwa kwa mabasi hadi kumbi za katikati ya jiji. Alikuwa na desturi yake. Afikapo mstari wa mwisho wa hotuba alinyamaza, akainua mkono wa kulia, na ukumbi mzima, mamia ya watoto wenye sare, ukaumalizia kwa niaba yake. Niliwahi kuwa mmoja wa watoto hao. Nilitoka pale nikiamini kwamba sauti ya mtu yaweza kushika paa.

Chuo kikuu nilisomea fasihi. Tasnifu yangu ilihusu ukimya katika tamthilia, na ilipoisha niligundua kwamba hakuna aliyekuwa akiajiri watu wenye ujuzi wa ukimya. Nikaishia kuhariri video za harusi na za sherehe za mahari, katika chumba kidogo ghorofa ya nne, mjini. Ndiyo sababu niliruka kwa furaha mwongozaji mmoja kijana aliponiomba nihariri filamu ya tamthilia ileile, iliyohamishiwa katika Nairobi ya leo.

Shamba la ukoo lilikuwa sasa Mutuini, mahali ambapo migomba ilikuwa ikipisha nyumba za kupangisha. Mwana aliishi chumba kimoja Kangemi. Baraza la wazee liligeuka ofisi ya wakili, ghorofa ya tisa. Katika tamthilia wajumbe huingia mbio na kutangaza maafa. Katika filamu, simu iliyolazwa kifudifudi mezani ilitetemeka, ikasogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni, na hakuna aliyeigusa. Niliurefusha mtetemeko huo hadi nikaona hata mimi, niliyejua ujumbe wenyewe, nimeshika pumzi.

Yule mwalimu wa Kinoo, ambaye sote tulimwita Mama, alikubali kurudia nafasi yake. Alikuwa amestaafu, na daktari alikuwa amempangia upasuaji wa koo. Asubuhi ya kupiga picha alituambia waziwazi, huku akivua sweta, "Hii nataka itoke sawa. Baada ya hapa sijui nitakuwa nikiongea na nini."

Aliisema hotuba mara mbili, kamera ikiwa mbali, kisha karibu. Kati ya mara hizo mbili, mafundi wakisogeza taa, kamera iliachwa ikiendelea kurekodi. Yeye alikaa akingoja. Mikono yake ililainisha nakala ya hatimiliki iliyokuwa mezani, ikaikunja pembe, ikaikunjua. Kisha akainua macho na kutazama moja kwa moja ndani ya lenzi, pengine akijiuliza tutaanza lini.

Mwongozaji alipouona mkanda huo katika chumba changu alinishika bega. "Buda, ndiyo hii. Hotuba tunatoa."

"Yote?"

"Yote. Hiyo ni ya jukwaa. Kwa skrini inakuwa kama anagombeza watu. Wacha waangalie hiyo mikono."

Tulibishana nusu siku. Hatimaye nilijaribu, kwa nia ya kumwonyesha kosa lake. Niliondoa sauti ya feni, nikaondoa magari ya barabarani, nikabakiza pumzi zake tu. Sekunde arobaini za mikono, kisha uso, kisha yale macho. Mtazamaji aliyekuwa ameketi salama pembeni mwa kesi alijikuta ghafla katika kiti cha wazee, akiangaliwa, akidaiwa hukumu. Mwongozaji alikuwa sahihi. Ningependa kuandika vingine, lakini alikuwa sahihi.

Nilipaswa kumwambia Mama. Upasuaji ulikuwa umekwisha, hakuwa akiongea tena kwa simu, ila aliniandikia: "Nasikia iko tayari. Nakuja na akina mama wa kanisa. Nimewaahidi watanisikia vile nilikuwa." Niliusoma ujumbe huo mara kadhaa, nikajibu: "Karibuni sana, Mama."

Filamu ilionyeshwa Jumamosi alasiri, katika ukumbi mmoja wa mjini. Nilikaa safu moja nyuma yao. Walikuwa tisa, wamevalia vitambaa vya kichwa vya chama chao. Mwanzoni watu walicheka ovyo. Mwenye nyumba wa Kangemi alipozima stima ili adai kodi, kijana mmoja alipaza sauti, "Huyo ni wetu kabisa!" Simu ilipoanza kutetemeka mezani, mwanamke fulani alisema, "Usishike! Ngai, usishike hiyo kitu!" Kisha tukafika ofisini kwa wakili, na ukumbi ukatulia kabisa, mtu asisogeze hata mguu.

Hapo ndipo nilipoisikia sauti kama ufagio kwenye sakafu ya saruji. Ilikuwa ya Mama. Alikuwa akiitamka hotuba, kwa mnong'ono uliokuwa umebaki, akiiwekea picha yake maneno niliyoyaondoa.

Msichana aliyeketi mbele yake aligeuka. "Shosho, pole, lakini tunatazama."

Hakusema kwa ufidhuli, alikuwa analia. Mnong'ono ukakoma. Nikaona taya la Mama likiendelea kusogea bila sauti, hata picha ilipohamia kwingine, hadi mstari wa mwisho ulipowadia, na mkono wake wa kulia ukainuka gizani. Mstari huo niliujua, na nadhani nusu ya ukumbi waliujua. Hakuna aliyeumalizia, wala mimi.

Nje, mmoja wa wenzake alimvamia. "Si ulisema utaongea! Umekaa tu hapo kama mtu anangojea gari ya Kinoo!" Wakacheka wote, naye akacheka, mabega tu. Kisha akanivuta kando, akasogeza mdomo sikioni pangu.

"Ile hotuba nitumie. Hata kwa simu. Nataka kujisikia."

"Nitakutumia, Mama."

Jumatatu niliitafuta. Kwangu kazi ikiisha huwa nahifadhi kile tu kilichoingia katika filamu. Diski husafishwa, ikapokea sherehe inayofuata. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi miaka yote, nami sikukumbuka kwamba safari hii kilichobaki nje kilikuwa kitu cha mtu. Mwongozaji hakuwa na nakala. Mara zote mbili za hotuba zilikuwa zimefunikwa na msafara wa magari yenye riboni.

Nilikwenda Kinoo siku ya tatu. Ningeweza kuandika ujumbe, na nakiri kwamba niliuandika na kuufuta. Alinikaribisha sebuleni, akaketi, mikono mapajani. Nikamweleza yote: kwamba ni mimi niliyekata, kwamba nilijua kabla hajawaleta wenzake ukumbini, na kwamba hotuba haipo tena kwenye diski.

Alikaa kimya muda mrefu. Nilizoea kuupima ukimya kwa sekunde, kujua ufupishwe wapi. Huu sikujua la kuufanya.

"Umeweka nini hapo?" akanong'ona mwishowe.

"Harusi, Mama."

"Ya nani?"

"Watu wa Limuru. Siwajui."

"Ilikuwa nzuri?"

"Ilinyeshewa."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayewahurumia maharusi kwa dhati. Akainuka, akanimiminia chai, akasukuma sukari upande wangu. Kisha akainama, na ilinibidi nisogeze kiti ili nimsikie.

"Wale akina mama usiwaambie. Nimewaambia unaitafuta."

Tangu siku hiyo nimekutana nao mara mbili barabarani, na mara zote wameniuliza. Mimi husema bado natafuta.