Siku Nilimwimba Lomeri Mbele ya Mataifa

Msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu ile ya Lodwar ilinikaa shingoni kama ngozi mbichi.

Ilikuwa miaka ya sabini, kiangazi kimetumalizia mifugo, na wageni wa nchi nyingi wakaja Lodwar kupatana vile watasaidia Turkana, kwa sababu kila nchi ilikuwa inaleta vitu kivyake: huyu unga, yule unga, mwingine unga, na hakuna hata mmoja alikumbuka sufuria! Mzee Ekal aliitwa kutoka Kakuma asemee wafugaji, na mimi nilikuwa namtaka binti yake Akiru mpaka usingizi umenihama, basi nikaomba nimbebee mzee kiti chake. (Kiti chenyewe kidogo kama kwato, lakini ningebeba hata mlima.)

"Kaa nyuma, nyamaza," mzee akaniambia. "Ukiniaibisha, Akiru umsahau."

"Ndiyo, baba."

Nikakaa kama jiwe ndani ya hema ya mkutano. Wageni wakaongea Kizungu mpaka jua likazeeka, halafu mwenyekiti akasema kitu, na mzungu mmoja mrefu kama mnara akainua mkono. Sasa, kwetu mwanaume akiinua mikono mbele za watu anaonyesha pembe za dume lake, lile analipenda, analiimbia. Nikashangaa: mkono mmoja? Maskini, dume lake limevunjika pembe! Mara mwingine akainua mmoja, na mwingine, na mwingine, yaani nchi zote za dunia na ng'ombe wa pembe moja! Roho ikaniuma kabisa, nikaona wacha niwaonyeshe ng'ombe mzima, nikasimama na mikono yote miwili, nikamwimba Lomeri, dume langu la madoa, nikaruka mpaka (nadhani) watu wa Todonyang, kule mpakani, waliniona, na kushuka nikagonga mlingoti wa hema. Hema yote ikatulalia, mataifa pamoja na chai yao.

Chini ya turubai karani akapiga kelele: "Nani huyo amepiga kura mbili?"

Ndiyo nikajua ilikuwa kura, ati wanaokubali nchi zigawane kazi wainue mkono.

Nikatoka kwa magoti. Mzee Ekal ananiangalia tu, chai inadondoka kwa manyoya ya mbuni kichwani.

"Wewe, nilikwambia nini?"

"Ninyamaze, baba."

"Na hilo dume liko wapi?"

"Kiangazi kilimuua, baba."

"Amekufa, na bado unamwimba hivyo?"

"Ndiyo, baba."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi Akiru huwezi kumsahau. Mchukue!"

Wageni walirudia kura nje juani, mimi nimekalia mikono. Na mpaka leo, kanisani pasta akisema tuinue mikono, Akiru ananishika yangu yote miwili.