Nilivyowafundisha Kushika Bastola

Nilipaswa kusema sijui. Mwenye kiwanda cha mbao alinikuta napalilia viazi, akaniambia amepata kibali cha bastola kwa walinzi wake watatu, na kwamba amesikia niliwahi kuwa mgambo.

"Mzee wangu, nifundishie hawa kabla polisi hajaja kuwapima."

Mmoja wa walinzi hao alikuwa binti yangu, aliyeachika na kurudi kwangu na watoto wawili. Akifaulu, angepata ajira ya kudumu. Mgamboni nilishika bunduki ndefu tu. Bastola sikuwahi hata kuigusa. Nikajibu, "Hilo dogo."

Kesho yake njia nzima watu wananiamkia, "Shikamoo, afande," nami naitikia kifua mbele.

Tulianza na bastola isiyo na risasi. Niliwaonyesha mshiko ninaoujua, ule wa jembe kwenye mteremko: mkono wa kulia umekaza, wa kushoto juu yake, kidole gumba cha kushoto kimezunguka nyuma na kulalia mwenzake kama fundo.

"Afande," akauliza mlinzi mnene, "hapa tunalenga shabaha au tunalima karoti?"

"Wewe hata karoti huziwezi."

Wakacheka wote, binti yangu zaidi.

Siku ya nne nilipewa risasi nikajaribu peke yangu kwenye machimbo ya mawe. Nilipofyatua, chuma cha juu cha bastola kilirudi nyuma kwa nguvu kikanichubua kidole gumba cha kushoto, palepale nilipowafundisha kukiweka. Nikaelewa kosa langu. Njiani nilipanga maneno: nimekosea, tuanze upya. Nilipofika kwenye geti la kiwanda binti yangu alikuwa anafanya mazoezi, mikono imekaza.

"Tate," akaniita mimi baba yake, "angalia. Haitikisiki hata kidogo!"

Nikaficha mkono mfukoni. "Vizuri," nikasema. Nyumbani mke wangu alipoiona damu, nikamwambia ni jembe.

Baada ya hapo kila siku niliyonyamaza iliifanya ya pili yake kuwa ngumu zaidi. Nikisema, nitakuwa mwongo mbele ya tajiri, mbele ya walinzi, mbele ya mwanangu. Nisiposema, siku ya kupimwa inakuja. Niliomba mvua kubwa inyeshe, mlima uporomoke, polisi akwame huko chini. Siku yenyewe jua liliwaka tangu asubuhi.

Binti yangu alitangulia. Risasi moja tu, akapiga ukelele. Chuma kilikuwa kimemkata kidole gumba hadi kwenye mshipa.

Sajenti wa polisi aliyekuja kuwapima aliichukua bastola, akatoa risasi zilizobaki, kisha akauliza, "Nani kamfundisha kushika hivi?"

Wakanigeukia.

"Nilimkataza," nikasema. "Huyu hasikii."

Binti yangu alikuwa amefunga mkono kwa khanga. Alinitazama. Wakampakia kwenye pikipiki kwenda hospitali.

Sajenti akawaonyesha wawili waliobaki. Shika juu kabisa ya mpini. Kiganja cha kushoto kijaze upande ulio wazi. Vidole gumba vyote viwili vikae upande mmoja, vielekee mbele, mbali na kile chuma. Mkono wa kushoto ndio ukaze. Wa kulia ukikaza mno, kidole cha kufyatulia kinavuta silaha pembeni. Dakika chache tu. Mlinzi mnene akapiga tano, zote zikakaa karibu karibu kwenye boksi la shabaha. Hakunitania tena.

Binti yangu hakupata ile kazi. Kidole chake hakinyooki mpaka leo. Alichukua wanawe akahamia Mnazi, kule tambarare chini ya mlima, ambako analima mashamba ya watu. Nimeshuka mara mbili kumwomba radhi. Alinipa kiti na maji, akaenda zake kulima, nami nikakaa mpaka nikaona haya, nikaondoka. Nilikubali kufundisha nisichokijua, na kwa hilo nimempoteza mwanangu.