Bata Waliogoma Kuondoka

Mtaani walimwita Brashi, na jina likamkaa kama kofia ya kipimo chake. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango: "Kinyozi", "Maziwa Yapo", "Usitupe Taka Hapa". Kuongea kulimshinda tangu utotoni, basi maneno yake yote aliyamalizia ukutani.

Siku moja shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwalimu wa darasa la awali, alimfuata kibandani.

"Shemeji, kila siku herufi tu! Nichoree bata ukutani, watoto wangu wajifunze kutoa."

Brashi hakuwahi kuchora kitu chenye macho. Alihangaika siku tatu. Akachora bata watano wa manjano, akawakata wawili kwa mistari myekundu, na chini yao akaandika: 5 − 2. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tano, akatabasamu peke yake.

Mwalimu akawauliza watoto, "Haya, wamebaki bata wangapi?"

"Watanoo!"

"Wawili si wameondoka?"

"Hawajaondoka, mwalimu," alisema binti mmoja mwenye pengo la meno mawili. "Wamefungwa kamba. Wafungue, wanaumia."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu mkuu, mama mwenye shada la funguo kiunoni, alikuwa amesimama mlangoni.

"Fundi, bata wako wazuri, ila ukuta wangu si wa mapambo," alisema. "Ijumaa watoto wakiwa bado hawajaelewa, upake rangi nyeupe, tuendelee na mambo mengine."

Brashi aliinamisha kichwa. Picha yake ya kwanza, na inahesabiwa siku kama mgonjwa!

Wiki ile shemeji yake alijaribu kila njia. Kwa vifuniko vya chupa, watoto walitoa vizuri kabisa. Wakigeukia ukuta, bata ni watano. Wanawaona kwa macho yao, nani atawadanganya?

Ijumaa Brashi akaja na ndoo ya rangi nyeupe.

"Umekuja kuwazika, shemeji?" mwalimu alimtania, ampe moyo. "Mbona huna hata chozi?"

"Mwisho wa bata ni mchuzi," alijibu kwa sauti ya chini.

Akaanza na bata wa pembeni, mmoja wa wale wa kamba. Akapitisha brashi pana mara mbili, tatu. Bata hayupo. Nyuma yake akasikia sauti ya mwenye pengo:

"Wanne. Yule kaenda."

Mkono wa fundi ukasita. Akamfuta na wa pili.

"Watatu!" darasa zima likapiga kelele.

Brashi akaweka ndoo chini. Watoto hawakuwa wajinga. Yeye ndiye aliyewaambia kwa mistari yake kwamba bata wameondoka, huku amewaacha palepale. Akatoka mbio hadi ofisini, rangi ikimdondoka vidoleni, akasema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima:

"Mama, nipe mpaka Jumatatu. Nataka kuupaka ukuta rangi nyeusi ya ubao. Nitachora bwawa kwa rangi, lisitoke. Bata tutawachora kwa chaki, na watoto watawafuta wenyewe."

Mwalimu mkuu akaweka kalamu chini. "Kumbe unaongea! Haya, Jumatatu."

Jumatatu bwawa la bluu lilikuwa chini ya ukuta mweusi, na tambara bichi limening'inia kwenye msumari usiozidi kimo cha mtoto. Mwalimu mkuu mwenyewe alichora bata saba, wabovu kweli, wengine kama viatu.

"Ondoa wanne."

Mwenye pengo akafuta mmoja mmoja, huku akiwapungia mkono wa kwaheri. Akageuka, pua imejaa chaki. "Watatu."

Mwalimu mkuu akatikisa funguo zake. "Fundi, darasa la kwanza nao wana ukuta."

Kabla Brashi hajajibu, binti alikwishawafuta na wale watatu, bwawa likabaki tupu. Akamnyooshea kipande cha chaki.

"Wameisha, mjomba. Chora wengine."

Brashi akapiga goti mbele ya ukuta. "Wangapi?" akauliza, na safari hii sauti yake ilifika mpaka dawati la nyuma.