Bi Masti wa Ipagala

Ukifika Ipagala ukauliza nyumba ya Khairat Mbaruku, watu watakukodolea macho. Uliza kwa Bi Masti, uone kama bodaboda wa kwanza hatakufikisha mlangoni. Jina hilo, kutokana na 'must' ya Kiingereza, yaani lazima, alipewa na wanafunzi wake, watu wazima anaowafundisha Kiingereza barazani kila alasiri: mabinti wa saluni, walinzi, madereva, na wote walioanza kunusa kazi tangu habari za uwanja mpya wa ndege wa Msalato zilipoanza. Na usimwonee huruma, jina lenyewe analipenda.

Ni mwanamke asiyejua labda. Akisema chumvi imezidi, imezidi. Mumewe, Jamaldini, fundi cherehani mpole, husema yeye hakuhitaji darasa; "must" aliisoma siku ya ndoa na hadi leo hajapewa likizo.

Ufundishaji wake haumo kitabuni. "Jirani amefiwa," huanza. "Unakwenda, huendi?"

"Tunakwenda!"

"Hiyo ndiyo 'must'. Hakuna anayekusukuma, ila usipokwenda utajiona mwenyewe si mtu. Sasa bosi kasema kila Ijumaa uvae sare. Hiyo 'have to', unavaa huku umenuna. Na wifi yako aliyejifungua, kumpelekea uji? 'Should'. Usipopeleka watakusema wiki nzima, lakini polisi hawaji."

Darasa hucheka, na kilichochekwa hakisahauliki. Kisha huwageuzia maneno hayohayo upande wa pili, upande wa uhakika. Ukiona turubai kwa jirani, wanaume kimya kwenye viti vya plastiki, muziki hakuna, sema "there must be a funeral". Hujaambiwa, lakini macho yamekwisha kujumlisha. Ukiona turubai peke yake, sema "might". "Msikimbilie kulia," huwaonya, "mtakuta watu wanakata keki ya kipaimara."

Mwanafunzi aliyemnyima raha alikuwa Anna, Mgogo, mama wa watoto wawili, mkazi wa kijiji kilicho ng'ambo ya korongo, mbele ya Msalato. Alikuja mjini kuuza mlenda mkavu, akimaliza anaingia darasani na beseni lake tupu. Misimu miwili mfululizo mvua iliwapiga chenga, mtama ukakauka ukiwa magotini, ndipo Anna akaamua kutafuta kazi ya mapokezi hotelini. Kiingereza chake kilikuwa safi kabisa. Lakini mara mbili ameitwa kwenye usaili, na mara mbili amerudi mikono mitupu, kwa sababu akiulizwa kama atafika kazini kwa wakati alijibu, "I may come, if God wishes."

"Anna!" Khairat alifoka siku alipolisikia hilo. "Mtu anataka kukuajiri, wewe unamwambia labda utakuja?"

"Shikamoo kwanza, mwalimu."

"Marahaba. Haya, nijibu."

"Kesho si yangu, mwalimu. Marehemu bibi yangu alipokusikia unasema kesho nitafanya hivi, bila kumtaja Mungu, alikuziba mdomo. Na ahadi ni deni. Nikisema 'I will', kisha korongo likajaa, si nitakuwa mwongo?"

Khairat akajikumbuka mwenyewe. Asubuhi ileile alimwambia Jamaldini kwamba jioni atapika ubwabwa, Inshallah. Yeye, Bi Masti mzima, hajapata kuahidi hata ubwabwa bila Inshallah! "Wallahi, leo umenipata," alisema, na darasa likaangua kicheko. Anna hakucheka. Usaili wa tatu ulikuwa Jumatatu, kwenye hoteli mpya kandokando ya barabara ya Msalato, na alikwisha kuamua: akikosa na huu, watoto atawapeleka Busi, kwa dada yake aliyeolewa huko, wakalelewe na mwenye chakula. Alilisema hilo huku akijitwika beseni lake.

Jumamosi Khairat alijitosa hadi kijijini kwa Anna. Jua lilikuwa kali, mbingu haina hata wingu la kusingizia. Alimkuta shambani amepinda mgongo, anachimba vishimo, anadondoshea mbegu, anafukia kwa unyayo.

"Unapanda nini kwenye vumbi hili?"

"Mtama, mwalimu."

"Mvua iko wapi?"

"Itakuja."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Lakini ikija lazima ikute mbegu chini. Ukingoja kwanza uione, wenzako wanapalilia wewe ndiyo unatafuta jembe." Alisema hivyo bila hata kuinua kichwa.

Khairat alijipiga paja. "Jisikilize, mwanamke! Umesema itakuja. Labda yako iko wapi leo?"

Anna akasimama wima.

"Mbegu umezitoa vinywani mwa wanao, ukazifukia kwenye vumbi," Khairat aliendelea. "Hiyo si ahadi? Mungu umemwomba kimoyomoyo, mkono ukaendelea na kazi, na bibi yako hakutoka kaburini kukuziba. Basi fanya vivyo hivyo kwenye usaili. Inshallah iwe moyoni, mdomoni iwe 'I will'."

"I will come," Anna alisema taratibu, kama anayeonja mboga ya moto. Kisha akasema tena, kwa nguvu, hadi mbuzi wa jirani akageuka.

Jumatatu meneja wa hoteli, Bwana William, alimuuliza: na korongo likijaa je? Anna akamjibu kwa Kiingereza kwamba kwao hupanda kabla ya mvua, na yeye atavuka kabla ya maji. Akapewa kazi, aanze wiki inayofuata.

Na mvua nayo, kwa ukorofi wake, ikachagua usiku wa kuamkia siku yake ya kwanza kazini. Asubuhi bodaboda walileta habari kwamba korongo limekata njia. "Anna must be stuck," Khairat alimwambia mumewe. Alipiga simu, haipatikani. Nani aliyemlazimisha mtoto wa watu kuahidi? Si yeye na ujuaji wake? Alivaa baibui, akapanda bodaboda, matope yakimrukia hadi shingoni, akaingia hotelini na utetezi wake wote ameupanga kwa Kiingereza cha kumtoa nyoka pangoni.

Nyuma ya meza ya mapokezi alisimama Anna, sare imenyooshwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Umevukaje wewe?"

"Jana mchana mawingu yalipoanza kujikusanya, nilivuka. Nikalala kwa mama mmoja wa kanisani, upande huu. Simu iliisha chaji."

Bi Masti, ambaye uhakika wake hauyumbi kirahisi mbele ya watu, alikuta machozi yanamtoka hadharani, na hakujali. Alijifuta kwa ncha ya mtandio, akatazama nje kwenye mvua.

"Na shamba umemwachia nani, mvua yote hii?"

"Mbegu ziko chini tayari, mwalimu," Anna akasema, akamvutia kiti.