Pepo Aliyetaka Mirungi

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akichukua marobota ya mkonge kutoka shambani hadi bandarini Tanga. Msimu ule meli zilifuatana, na msimamizi hakutaka kusikia habari ya kulala. Basi mume wangu akakaa macho kwa mirungi. Alitafuna shavu likatuna, akashushia kahawa chungu, akaondoka tena. Nyumbani kwetu Mabawa alikuja kubadili shati tu.

Mchana mmoja akaingia midomo imemkauka, akachungulia uvunguni, akasema lori linamwita kwa jina. Nikacheka, nikidhani mzaha. Akanikazia macho, akasema mimi si mkewe, nimevaa sura ya mkewe. Kisha akamtazama mwanetu mchanga kwa macho yale yale. Nilimkimbiza mtoto kwa jirani wa ukuta mmoja.

Mama mkwe akaja kutoka Ushongo. Nilimwamkia, nikamsihi, "Mama, huyu hajalala. Tumwache alale."

"Mwanangu yuna pepo," akasema. "Ataka ngoma, hataki usingizi."

Ngoma ikaja, mganga na wapigaji wake. Walikuwa watu wema, Mungu awalipe, lakini walikuwa wananimalizia mume. Kila akisinzia walimwinua acheze, eti pepo anajificha. Mganga akauliza, "Wataka nini, mgeni wetu?" Mume wangu akajibu, "Mirungi." Vigelegele! Pepo kasema! Mama mkwe mwenyewe akatoka kuitafuta. Nililia mpaka sauti ikakauka. Tulikuwa na mwenye wazimu mmoja, sasa nyumba nzima imeshikwa.

Aliporudi na kitita nilimpokonya, nikakitupa chooni mbele ya wageni wote. Akanilaani, mimi na kizazi changu.

"Nilaani, mama," nikamwambia. "Lakini ngoma imekwisha."

Wapigaji walifungasha wakininunia. Mume wangu akaanguka mkekani palepale, akalala mpaka kesho yake jioni. Nilimkalia karibu nikisikiliza pumzi zake, nikiogopa zitakatika, nikiogopa pia atakapoamka.

Aliamka akaomba maji. Akaniita mke wangu, kwa sauti yake mwenyewe, ya zamani. Mama mkwe akamshukuru Mungu kwamba pepo kaondoka. Sikubishana naye.

"Mtoto yuko wapi?" mume wangu akauliza.

"Kalala kwa jirani," nikasema.

Mtoto alikuwa analia. Sote wawili tulimsikia ukutani. Mume wangu akanitazama, akingoja niende kumleta. Nilisimama mlangoni, sikwenda.