Ngano Yenye Masikio

Mwaka 1954 nilikuwa mzee wa kanisa huko mlimani juu ya Mbeya, na kichwa changu kilikuwa kigumu kweli. Nalisema mwenyewe, maana bila hilo hamtajua kwa nini namshukuru hivi shemeji yangu Atuganile.

Alikuwa mjane wa kaka yangu. Tuligawana shamba moja la ngano, nusu kwa nusu, na mbegu tulipanda za gunia moja lililotoka upande wa Iringa. Ngano ilipofika magotini akaniita. Aliwahi kufanya kibarua cha kupalilia ngano ya mzungu karibu na Mafinga, kwa hiyo hakutazama urefu wala rangi. Alishika jani pale linapoachana na bua.

"Tazama, shemeji. Ngano ina masikio mawili, yanakumbatia bua. Hili gugu halina. Ni shayiri mwitu, imekuja na mbegu. Tung'oe."

Nikamjibu kwa sauti ya mimbarini. Jumapili iliyopita tu nilikuwa nimehubiri juu ya magugu yaliyoachwa yakue na ngano hadi mavuno. Watu wangenionaje nikiyang'oa?

"Ya mahubiri yako yanangoja mavuno," alisema. "Hili halingoji. Linapukutisha mbegu kabla ya mundu, na mbegu zinalala udongoni miaka."

Nilicheka. Yeye aling'oa upande wake wote, akawapa ng'ombe.

Wiki mbili kabla ya kuvuna, upande wangu mbegu za gugu zilikuwa zimejaa chini. Atuganile aliweka moja kiganjani mwangu, akaidondoshea maji. Unywele mweusi wa mbegu ile ukaanza kujizungusha polepole, kama unatafuta pa kuingilia. Hapo niliogopa. Shamba lile ndilo lililolisha watoto wangu watano.

Msimu uliofuata sikuwa na mbegu safi hata kibaba. Alinipa za kwake, kisha akaja na jembe upande wangu bila kuitwa, mwaka huo na minne iliyofuata. Kanisani hakumwambia mtu. Wema ule hata leo sijui niulipeje.

Mwaka 1959 tulipita mstari kwa mstari tukipapasa mabua. Hatukukuta shayiri mwitu hata moja. Atuganile akanyoosha mgongo.

"Sasa shamba lote lina masikio," alisema. "Na mwenye shamba naye yamemwota."